Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tuulizeni sisi tunaolala pembeni yao

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania

Nakala: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), Chama cha Madaktari Tanzania

YAH: WAGONJWA WANAOANZA MASHINE YA KUPUMULIA USINGIZINI BILA DAKTARI

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia mzigo bandarini, anapita Tunduma, anavuka Zambia hadi Kasumbalesa, na mara nyingine anafika Lubumbashi. Tuna miaka 24 ya ndoa. Nakuandikia kama shahidi, kwa sababu ugonjwa ninaotaka kuueleza una tabia moja: mwenye nao haujui. Anaujua anayelala pembeni yake.

Mume wangu alianza kukoroma zamani, na mtaani kwetu kukoroma si ugonjwa. Mtu akikoroma tunasema kachoka, kalala fofofo. Baadaye kukoroma kukaanza kukatika. Anavuta, anavuta, halafu kimya. Kifua kinahangaika kama cha mtu anayevuta ndoo kisimani, lakini puani hakutoki hewa. Nilikuwa naweka kiganja mbele ya pua yake na kuhesabu: moja, mbili, tatu, hadi ishirini. Usiku mmoja nilifika thelathini na nne. Kisha anashtuka kwa kishindo kama aliyeibuka majini, anageuka, analala tena. Asubuhi nikimwambia, ananijibu, "Mbona mimi nimelala vizuri tu." Hakuwa anadanganya. Ndivyo alivyojua.

Mama mkwe alisema anakabwa na jinamizi, akatuombea dua. Dua niliipokea kwa moyo mmoja, na hadi leo tunaomba. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nahesabu, na nilijua kuna kitu kinaziba pale kooni.

Tulikwenda kituo cha afya. Presha yake ilikuwa juu, akaanzishiwa dawa. Ikaongezwa ya pili, kisha ya tatu, na presha haikushuka. Kila mwezi alipimwa uzito na presha, akaandikiwa kwenye kadi. Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza analalaje, na mimi niliyekaa kwenye benchi nje hakuna aliyeniita. Siwalaumu waliokuwa zamu. Foleni ilikuwa ndefu, na swali hilo kwenye kadi yake halimo. Hata kama wangeuliza, wasingekuwa na mahali pa kuandika jibu.

Ndipo shemeji yangu anayefanya kazi Muscat akatutumia mashine. Huko aliona mzee mmoja akiitumia, na mzee alipofariki familia yake ikamwachia. Ilifika ndani ya begi, imeviringishwa kwenye shuka, haina karatasi ya maelezo. Ni kijisanduku kinachotoshea mikono miwili, kina bomba refu la plastiki na barakoa ya mpira. Barakoa ilikuwa imepasuka kidogo penye daraja la pua. Niliiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikaianika kwenye kamba pamoja na nguo za wateja. Usiku ule tukaiwasha. Hatukuwa na daktari, hatukuwa na kipimo. Tulikuwa na matumaini tu.

Mheshimiwa, naomba nikueleze kilichofuata bila kuficha, kwa sababu najua si nyumba yetu peke yake.

Mashine ilikuwa imepangiwa koo la marehemu. Presha yake ya hewa ilikuwa 15. Mume wangu aliamka na tumbo limejaa hewa, mdomo umekauka, macho mekundu kwa upepo uliokuwa ukivuja penye ule mpasuko. Usiku wa tatu aliivua akaitupa chini ya kitanda. Nikaipeleka kwa kijana anayetengeneza simu, hodari kwelikweli. Akatafuta namna ya kufungua mipangilio iliyofichwa, akashusha presha hadi 5. "Sasa itakuwa laini," akatuambia. Na kweli ilikuwa laini. Kukoroma kulipungua, nami nikaanza kulala. Kwa kuwa nililala, sikuhesabu tena.

Asubuhi mashine ilionyesha namba kwenye kioo. Hatukujua maana yake. Tulidhani ni alama, kama za mtihani. Nikachukua daftari la binti yetu nikawa naandika kila siku: 24, 27, 25, 31. Ilipopanda tulifurahi. Nakumbuka asubuhi moja kabla hajasafiri, aliketi ukingoni mwa kitanda akasema, "Mama watoto, leo tumepata thelathini na moja." Nikamwandalia chai, akaondoka na mzigo wa saruji.

Siku ile alisinzia mbele ya Morogoro, kabla ya kufika Doma. Lori liliacha lami. Utingo wake alidaka usukani, wakasimama kwenye nyasi umbali wa hatua chache kutoka kwa akina mama waliokuwa wakiuza nyanya. Hakufa mtu. Namshukuru Mungu kila siku, na kila siku nawakumbuka wale akina mama ambao sitawajua majina.

Daktari wa hospitali ya rufaa tuliyopelekwa baada ya hapo alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Aliniambia nami niingie. Akauliza, "Mama, usiku unaona nini?" Nikamweleza yote, nikampa na lile daftari. Alilisoma ukurasa hadi ukurasa, kisha akalifunga taratibu. Akatueleza kwamba ile namba ni idadi ya mara ambazo pumzi hukatika au hupungua sana ndani ya saa moja. Chini ya 5 ni hali ya kawaida. Kuanzia 5 ugonjwa upo, kuanzia 15 ni wa wastani, na kuanzia 30 ni mkali. Kila mkato unaohesabiwa ni wa sekunde 10 au zaidi. Asubuhi ile tuliyofurahia thelathini na moja, mume wangu alikuwa amekatikiwa pumzi mara thelathini na moja kila saa, mashine ikiwa usoni.

Huo ndio ubaya wa tiba nusu. Mgonjwa asiye na mashine angalau mkewe anaogopa. Aliyevaa mashine isiyofanya kazi yake, nyumba nzima imetulia.

Alipopimwa usiku kucha bila mashine, mikato ilikuwa 48 kwa saa. Walimtafutia barakoa inayomkaa, wakaipandisha presha ya hewa kidogo kidogo hadi wakapata inayomfaa, 11. Sasa asubuhi tunaona 2 au 3. Walipopima moyo wakakuta unapiga bila mpangilio, hali inayoweza kuleta kiharusi, wakamwanzishia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mashine ile ingekaa kitandani kwetu miaka kumi isingetuambia habari ya moyo. Hata ufundi wa kijana wa simu usingefika huko.

Mheshimiwa, tangu hapo nimeusoma ugonjwa huu kwa msaada wa binti yangu wa kidato cha sita. Unaitwa apnea ya usingizi. Mtu akilala misuli ya koo hulegea. Kwa wengine njia ya hewa hujifunga kabisa, oksijeni hushuka kwenye damu, ubongo hushtuka kumwamsha, na mchezo huo hurudiwa usiku kucha. Moyo na mishipa haipumziki. Ndiyo maana ugonjwa huu huandamana na presha isiyosikia dawa, kiharusi, kisukari, na usingizi wa mchana unaoua barabarani. Makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba duniani watu takriban milioni 936 wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wanao, na milioni 425 kati yao wako kwenye kiwango cha wastani au kikali.

Tiba yake si ngeni. Mwaka 1981 huko Sydney, Australia, daktari Colin Sullivan na wenzake walitangaza kwamba walipuliza hewa puani mwa wagonjwa watano waliolala, na koo zao zikabaki wazi usiku kucha. Ndiyo mashine hii ambayo madaktari huiita CPAP. Haitoi oksijeni wala dawa. Inasukuma hewa hii hii ya chumbani kwa nguvu inayotosha kulizuia koo lisijifunge, kama upepo unavyoshikilia mfuko wa nailoni usisinyae. Nguvu ikipungua, koo linafunga. Ikizidi, mtu hawezi kulala. Kila koo lina kipimo chake. Mimi nashona nguo, na suti sijawahi kumkatia mtu kwa vipimo vya marehemu.

Yapo na makubwa zaidi ya kipimo. Kuna watu ambao pumzi hukatika si kwa sababu koo limeziba bali kwa sababu ubongo umesahau kutuma amri ya kupumua, hasa wenye moyo dhaifu. Mwaka 2015 utafiti mkubwa ulioitwa SERVE-HF ulionyesha kwamba aina nyingine ya mashine, inayofanana sana na hii kwa nje lakini inayofuata kila pumzi ya mgonjwa na kuisukuma, iliongeza vifo vya moyo kwa baadhi ya wagonjwa hao. Nani sokoni atamwambia mnunuzi tofauti ya sanduku hili na lile? Na Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa sokoni mamilioni ya mashine zake duniani, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele iliyomo ndani yake ilikuwa ikimomonyoka na chembe zake zingeweza kuvutwa na mgonjwa. Mashine zilizotumika huuzwa, hurithiwa na kusafirishwa kwenye mabegi kama ilivyosafiri yetu. Sponji ile haionekani kwa nje.

Baada ya kuyasema haya yote, naomba nieleweke vizuri. Siombi wanaoanza wenyewe wakemewe. Siombi mashine zipigwe marufuku. Mtu anayemwona mwenzake akikata pumzi sekunde thelathini na nne hawezi kukaa akisubiri mwongozo. Tulianza wenyewe kwa sababu mlango wa daktari hatukuuona, wala hatukujua kwamba upo. Mlango ukionekana, watu wataingia.

Kwa hiyo ninayo maombi matano.

La kwanza ni swali. Katika kila kliniki ya presha, kisukari na moyo, mgonjwa aulizwe anavyolala, na aliyekuja naye aitwe ndani. Madaktari wa Toronto, wakiongozwa na Frances Chung, walitunga maswali manane yaliyochapishwa mwaka 2008, ambayo sasa hutumika nchi nyingi: anakoroma kwa nguvu? Anachoka mchana? Kuna aliyemwona akikata pumzi? Ana presha? Ana unene uliopitiliza? Amevuka miaka 50? Shingo yake imezidi sentimita 40? Ni mwanamume? Hayahitaji maabara. Yanahitaji kalamu na futi ya fundi. Shingo ya mume wangu naijua, ni sentimita 44. Nimemshonea kola miaka yote hiyo bila kujua kwamba nilikuwa nimeshika kipimo cha ugonjwa. Na tazama swali la tatu, Mheshimiwa: "kuna aliyemwona?" Hilo mgonjwa hawezi kulijibu mwenyewe. Mwenye jibu yuko nje kwenye benchi.

La pili ni kipimo karibu na watu. Vipo vifaa vidogo ambavyo mgonjwa hulala navyo nyumbani usiku mmoja, kimoja kidoleni cha kupima oksijeni, kingine puani cha kupima hewa, na mkanda kifuani. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa ikiwa navyo vichache, na muuguzi au tabibu mmoja aliyefundishwa kuvisoma, dereva wa Makambako au Nzega hatahitaji kupanda basi usiku kucha kuja Dar es Salaam kupimwa usingizi. Daktari bingwa atumiwe matokeo. Si lazima atumiwe mgonjwa.

La tatu ni mapokezi. Aliyekwisha kuanza mwenyewe apokelewe pamoja na mashine yake. Itengwe hata siku moja kwa mwezi ambapo mtu anaweza kuileta kwenye mfuko na kusema, "Hii ndiyo ninayolala nayo." Iangaliwe presha yake, barakoa, chujio na namba zake. Akikaripiwa siku ya kwanza hatarudi, na ataendelea kulala na presha ya marehemu. Sisi tungekaripiwa, lile daftari lisingetoka kwenye mkoba wangu.

La nne ni ulinzi wa sokoni, na hapa nawaelekea TMDA ambao vifaa tiba viko mikononi mwao kisheria. Anayeuza mashine hizi, mpya au zilizotumika, atambulike. Namba ya mashine ilinganishwe na orodha za zilizoondolewa sokoni. Na kila mashine itoke na karatasi ya Kiswahili inayosema namba ya asubuhi ina maana gani, ikiwa kubwa ni mbaya, na uende wapi. Karatasi moja ya namna hiyo ingelizuia lile lori.

La tano linahusu bima na ajira. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetupa ahadi kubwa. Naomba kipimo cha usingizi na mashine kwa mwenye ugonjwa mkali vitazamwe katika kitita cha mafao kwa jicho la hesabu: kiharusi kimoja hugharimu nini, na lori moja likiingia kwenye basi hugharimu nini? Na kwa LATRA, Jeshi la Polisi na wenye magari: dereva anayejitokeza kupimwa alindwe. Leo madereva wengi wanaficha kusinzia kwao kwa sababu wanajua anayesema atakosa gari. Asimame kuendesha hadi atibiwe, ndiyo, hilo ni haki ya abiria na ya wale akina mama wa nyanya. Lakini akitibiwa na namba zake zikionyesha ametibika, arudi kazini kwake. Adhabu ikiwa kubwa kuliko tiba, ugonjwa utaendelea kujificha nyuma ya usukani.

Ndugu msomaji ambaye unayo mashine kitandani usiku wa leo na huna daktari, nawe nina neno kwako. Usiitupe, na usiiamini peke yake. Andika namba za kila asubuhi na uzipeleke hospitali. Kama umewahi kuwa na mapafu yaliyopasuka, kuumia kichwa hivi karibuni au ugonjwa wa moyo, usisubiri kesho. Kama mashine yako ina tangi la maji, usilijaze maji ya kisima. Chumvi yake inaganda humo ndani. Tumia maji safi kabisa na umwage yaliyobaki kila asubuhi. Barakoa isiwe ya kuazimana. Usidanganywe kwamba mtungi wa oksijeni ni kitu hicho hicho. Koo lililojifunga halipitishi oksijeni wala hewa. Pombe na vidonge vya usingizi hulegeza koo zaidi. Kulala ubavu huwasaidia wengi. Ukisinzia mchana hata ukiwa unaitumia, usiendeshe, kwa sababu huo ndio ushahidi kwamba bado hujatibiwa.

Na wewe unayelala pembeni yake, mke, mume, mama au utingo kwenye kibanda cha lori, usinyamaze kwa kuona aibu ya mambo ya kitandani. Hesabu sekunde. Ziandike. Mpeleke, na ukifika pale hospitali usikae kwenye benchi. Ingia naye.

Mheshimiwa Waziri, wahenga walisema usingizi ni ndugu wa kifo. Mimi nimewaona ndugu hao wawili wakikaribiana kwenye mto mmoja, kwa umbali wa kiganja changu. Nchi hii haikosi watu wanaoujua ugonjwa huu. Wamejaa kila nyumba, wamekesha miaka, wanahesabu gizani. Hawajaulizwa tu.

Tuulizeni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mke wa dereva
Mbagala, Dar es Salaam